UZI: Themogani ya mlangoni haimkamati asiye na dalili. Tupange nini hapa Mombasa?

#1 Mwanamvita

Salaam wadau. Kila kukizuka ugonjwa wa kuambukiza, cha kwanza kuonekana kwenye milango ya mabenki na mahoteli ya hapa mjini ni askari na themogani, kile kipimajoto cha kulenga. Anakulenga kipajini, inalia, unapita. Uzi huu ni wa kirusi kinachopita mlango huo bila wasiwasi. Nitatumia Korona kuwa mfano kwa sababu hesabu zake tunazo.

Kwanza tutenganishe watu watatu wanaochanganywa. Kuna aliyeambukizwa ambaye hatapata dalili mpaka kirusi kimtoke. Kuna ambaye dalili hazijafika: leo mzima, kesho kutwa yuko kitandani. Na kuna mwenye dalili hafifu, koo linawasha na pua inachuruzika kidogo, akasema ni upepo wa kusi. Huyu wa tatu ukimuuliza kama anaumwa atakuapia ni mzima, na haongopi.

Sasa hesabu. Chukua kirusi ambacho kila aliyenacho huambukiza wastani wa watu 2.5 maisha yakiwa ya kawaida. Makadirio yaliyochapishwa Januari 2021 katika jarida la tiba la JAMA Network Open yalitoa asilimia 59 ya maambukizi kwa watu wasiokuwa na dalili saa ile wanaambukiza: 35 kwa ambao dalili hazijafika, 24 kwa wasiopata dalili kabisa. Tuseme tumeweza lisilowezekana, kila mwenye dalili anajifungia ndani pindi anapokohoa mara ya kwanza. 2.5 mara 0.59 ni 1.475. Bado kila mmoja anazaa mmoja na nusu, na ugonjwa unapanda. Ili ushuke chini ya 1, kata asilimia 32 ya maambukizi hayo ya kimya, yaani theluthi hivi.

Lakini hakuna mji uliowahi kuwatenga wenye dalili wote. Weka asilimia 60. Unabaki na 1.885, na utahitaji hatua zinazopunguza maambukizi yote, ya kimya na ya wazi, kwa asilimia 47. Ndipo ninapotaka tujadili: asilimia hizo 47 tunazipata wapi? Nionavyo mimi hatuwezi kumtafuta kila asiye na dalili, ila pahali anapoambukizia panaweza kurekebishwa.

Kwa wanaosema haya ni ya ng'ambo: watafiti wa KEMRI-Wellcome, Kilifi, walipima damu 3,098 za wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020. 174 zilikuwa na kingamwili za Korona. Baada ya kusawazisha takwimu, nchi nzima ilipata asilimia 4.3 na Mombasa ikaongoza kwa 8.0, mbele ya Nairobi yenye 7.3. Kumbuka mchangia damu ni mtu aliyejiona mzima akapanga foleni kutoa damu. Ukiipeleka hiyo 8.0 kwenye watu 1,208,333 wa sensa ya 2019 unapata karibu 97,000. Ni hesabu ya kalamu tu, wachangiaji wale hawawakilishi watoto wala wazee, lakini nchi nzima wagonjwa waliothibitishwa mpaka 31 Julai 2020 walikuwa 20,636.

#2 KijanaWaKongowea

Uzi mzito. Swali la mtu wa kawaida: kwa hiyo asiye na dalili anaambukiza sawasawa na mgonjwa anayekohoa?

#3 Maabara_Tudor

Hapana, na hapa ndipo watu hutishana bure. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha asiyepata dalili kabisa huwaambukiza walio karibu naye kwa takriban theluthi moja ya kiwango cha mwenye dalili. Hakohoi, na mara nyingi kirusi humtoka mapema.

Wa kuogopwa ni yule wa pili wa Mwanamvita. Kwa Korona, toka kuambukizwa mpaka dalili ni kama siku 5 kwa aina za mwanzo, na kirusi hufurika puani siku moja au mbili kabla ya dalili na siku inapoanza. Yaani siku anayoambukiza zaidi ndiyo siku anayojisikia yuko fiti kwenda Marikiti.

Linganisha na SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003. Kirusi kile kilifika kilele karibu siku ya 10 ya ugonjwa, mtu akiwa hoi hospitalini. Kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokuwa karibu nao kulitosha kukikata. Ebola vilevile haisambai kabla ya dalili, kwa hiyo kupima joto mpakani kuna maana yake. Chombo hufuata kirusi. Kosa la 2020 lilikuwa kuchukua chombo cha ugonjwa mmoja na kukipa ugonjwa mwingine.

#4 Mwanamvita

Umenimalizia kazi, ndugu. Niongeze tu kwamba hata kwa mwenye homa, themogani ya hapa kwetu ina matatizo yake. Aliyetembea juani kutoka Mwembe Tayari kipaji chake kimechemka bila homa. Aliyeshuka kwenye gari la AC kipaji ni baridi na homa imejificha. Jasho likikauka hupoza ngozi, kwa hiyo kipaji kifutwe na mtu akae kivulini dakika kama 10 kabla ya kupimwa. Umbali ufuate maandishi ya kifaa, nyingi ni sentimita 3 hadi 5. Askari anayelenga kiganja kutoka urefu wa mkono anapima upepo.

#5 DadaWaJomvu

Basi tupime kila mtu kwa vile vipimo vya haraka vya puani, yaishe.

#6 Maabara_Tudor

Dada, tufanye hesabu kwanza. Mapitio ya Cochrane ya 2022 yalikuta vipimo hivyo vya haraka, vya antijeni, vinawakamata takriban 73 kati ya 100 wenye dalili, lakini kwa wasio na dalili ni kama 55. Chukua watu 1,000, walioambukizwa wawe 10. Kipimo kitawanasa 5 au 6, na 4 au 5 watarudi nyumbani na karatasi ya "mzima". Tuseme pia kinakosea kwa wazima 4 katika 1,000. Una majibu chanya 9 au 10, na karibu nusu ni wasiokuwa na kitu. Kipimo si kibaya, ila maambukizi yakiwa machache ndivyo hesabu inavyokuja. Aliye chanya bila dalili athibitishwe kwa PCR, kile kipimo cha maabara. Aliye hasi bila dalili arudie baada ya saa 48, kisha mara ya tatu baada ya saa 48 nyingine.

Makosa ya mkono ni haya. Kijiti kinaguswa mlangoni mwa pua na kutolewa. Kwa kipimo cha pua ya mbele kiingie kama sentimita 2, kizungushwe taratibu kikigusa ukuta, pua zote mbili. Jibu lisomwe dakika ya 15 au ile iliyoandikwa. Mstari uliojitokeza baada ya nusu saa usihesabiwe.

Halafu joto. Vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Februari na Machi, boksi likiwa kwenye buti la gari au stoo ya mabati Changamwe, 30 imepitwa kabla ya saa 4 asubuhi. Kipimo kilichopikwa kinaweza kuonyesha mstari wa udhibiti, ule wa kusema kipimo kimefanya kazi, vizuri kabisa na bado kisimuone mwenye kirusi. Weka kipimajoto cha ukutani ndani ya stoo na andika usomaji mara mbili kwa siku.

Pesa zikiwa chache, PCR ya kuchanganya inasaidia. Sampuli 5 ndani ya kipimo kimoja. Kikiwa chanya ndio unarudia mmoja mmoja. Maambukizi yakiwa asilimia 1, watu 1,000 wanahitaji vipimo kama 249. Yakifika asilimia 10 ni 610. Yakifika 30 ni 1,032, yaani umepoteza kuliko kupima mmoja mmoja. Na kuchanganya kunazimua sampuli, mwenye kirusi kidogo anaweza kukuponyoka.

#7 FundiBarafu

Nyote mnazungumza pua, hakuna anayezungumza ukuta. Ngoja niseme la fundi.

AC ya ukutani, ile iliyojaa kila ofisi ya Moi Avenue na Nkrumah Road, HAILETI HEWA YA NJE. Watu wanaona boksi nje na bomba limepita ukutani wanadhani hewa inaingia. Bomba lile limebeba gesi ya kupoza. Hewa ya chumbani inanyonywa juu, inapozwa, inarudishwa mle mle. Kichujio chake ni wavu wa vumbi, kirusi kinapita kama nzi kwenye dirisha la jela. Chumba cha watu 20 kimefungwa tangu asubuhi, mmoja hana dalili: wote wanakunywa kikombe kimoja.

WHO ilitoa kiwango cha lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo yasiyo ya hospitali. Watu 20 ni lita 200 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 720 kwa saa. Chumba cha mita 6 kwa 5 kwa kimo cha 3 ni mita za ujazo 90. Yaani hewa yote ibadilike mara 8 kwa saa. Unanunua feni ya kutoa hewa, unasoma kibandiko, na unakata robo au zaidi ya kilichoandikwa kwa sababu wavu wa mbu na vumbi vinaibana.

Tatizo la Mombasa ni unyevu. Ukifungua dirisha AC ikiwa inanguruma, mvuke wa bahari unaingia, maji yanadondoka, ukuta unaota ukungu na bili ya stima inapaa. Mwenye ofisi atafunga dirisha siku ya pili. Ushauri wangu ni huu: zima AC, washa pangaboi, fungua madirisha ya pande mbili. Kama lazima AC, ifanye kazi dirisha likiwa wazi sentimita 10 upande mmoja na feni ya kutoa upande wa pili, na iwekwe nyuzi 25 au 26, si 18.

Pangaboi peke yake chumba kikiwa kimefungwa ni kukoroga tu.

#8 BintiKibokoni

FundiBarafu maneno yako dawa. Kuna vile vifaa vya kupima kaboni dayoksaidi, vinasaidia? Madrasa yetu ina chumba cha watoto 40.

#9 FundiBarafu

Vinasaidia sana ukijua kuvisoma. Namba zake ni sehemu kwa milioni (ppm). Nje ni kama 420. Chumbani ikiwa chini ya 800 uko vizuri, ikipita 1,500 toka nje. Hesabu yake: pumzi tunayotoa ina kama 40,000. Ukisoma 1,220, toa 420, unabaki na 800. Gawanya kwa 40,000, ni asilimia 2. Kati ya kila pumzi 50 unazovuta, moja imeshapita kwenye mapafu ya mwenzako.

Kiweke kimo cha mtoto aliyekaa, mbali na dirisha na zaidi ya mita moja kutoka midomoni, usome baada ya nusu saa darasa likiwa limejaa. Hakikisha kimeandikwa NDIR, yaani kinapima gesi yenyewe kwa mwanga wa infraredi. Vya bei ya chini vinakisia kaboni kutoka kwa harufu: ukifukiza udi vinapanda mpaka elfu tatu, ukipita na marashi vinapiga kelele. Na jiko la makaa mlangoni litaharibu usomaji hata wa kifaa kizuri.

Kitu kimoja hakioni: barakoa. Watoto 40 wenye barakoa na 40 wasio nazo, namba ni ile ile.

#10 Mfuatiliaji_001

Niingie upande wa kuwatafuta waliokuwa karibu. Kwa mwenye dalili, unahesabu kuanzia siku 2 kabla ya dalili. Kwa asiye na dalili huna siku ya kuanzia, kwa hiyo kanuni ni siku 2 kabla ya sampuli kuchukuliwa. Ni mpaka wa kubuni, huenda aliambukiza wiki nzima kabla. Ujue udhaifu huo mapema.

Mahojiano mengi huharibika kwenye swali la kwanza. Ukiuliza "uligusana na nani?" mtu anafikiria mikono, anakutajia wawili. Uliza kwa swala: "Juzi baada ya alfajiri mpaka adhuhuri ulikuwa wapi? Mlikuwa wangapi ndani? Madirisha?" Siku inajigawa yenyewe na mtu anakumbuka. Asiyeswali muulize kwa chakula. Mwombe pia apitie mwenyewe ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake: nauli, mahamri, kinyozi, vyote vimo na saa zake. Usiishike simu wewe, na usiandike kiasi cha pesa.

Anayeandikwa ni aliyekaa ndani ya mita 1 kwa dakika 15 au zaidi, ila kwa chumba kilichofungwa kama alivyoeleza fundi, andika chumba kizima.

Halafu fuatilia kurudi nyuma. Makadirio ya 2020 yalionyesha takriban asilimia 10 ya walioambukizwa ndio waliosababisha asilimia 80 ya maambukizi. Kwa hiyo ukimpata mmoja, uwezekano ni mkubwa aliupata kwenye kundi. Muulize siku 3 hadi 7 nyuma alihudhuria nini: matanga, harusi, mechi kwenye kibanda cha video. Tukio moja likipatikana linakupa majina 30, wengi wao hawana dalili na wasingekuja kupimwa maisha.

Matatu na feri sahau majina. Huko tibu hewa. Na angalieni amri zinazosukuma watu pamoja: 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kutotoka nje kuanzia saa 1 usiku, kivuko cha Likoni kilifurika alasiri nzima kila mtu akikimbizana na saa. Ukipunguza saa bila kuongeza vyombo, umewapanga wasio na dalili bega kwa bega.

#11 DadaWaJomvu

Na akishapatikana? Mtu hana hata mafua unamwambia siku 10 asitoke. Analala chumba kimoja na watoto wanne, na asipotoka leo hakuna unga.

#12 Mwanamvita

Hilo ndilo linaloamua kama watu watakuja kupimwa. Mwongozo wa kuhudumiwa nyumbani wa 10 Juni 2020 uliwalenga hasa wasio na dalili na wenye dalili hafifu, kwa sharti la chumba cha peke yake. Sharti hilo nyumba za Majengo haziliwezi: ujia katikati, vyumba pande mbili, kila chumba familia, choo na jiko uani kwa wote.

Kinachowezekana ni hiki. Alale karibu na dirisha, miguu yake ielekee vichwa vya wengine. Dirisha lisifungwe usiku, wavu wa mbu uwekwe. Mchana akae barazani au uani kwenye kivuli, si chumbani. Hewa ya nje ndiyo karantini ya maskini. Choo atumie mwisho asubuhi, na dirisha la choo libaki wazi nusu saa kabla ya mwingine kuingia. Mzee au mwenye kisukari ndani ya nyumba ahamishwe YEYE kwa jamaa, baada ya kupimwa, kwa sababu kuhamisha mtu mmoja ni rahisi kuliko kugawa chumba. Na unga upelekwe siku ya kwanza. Ukichelewa mpaka ya tatu ameshatoka.

#13 NahodhaKilindini

Bandarini hadithi ni hiyo hiyo. Meli inakuja na bendera ya njano, yaani "chombo changu ni kizima, naomba ruhusa". Tamko la Afya la Baharini linauliza nani ana homa, nani amekufa, na bandari zilizopitiwa ndani ya siku 30. Asiye na dalili hana sanduku lake kwenye fomu ile. Diamond Princess mwaka 2020: watu 3,711, walioambukizwa 712, na 331 kati yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa.

Kwa hiyo soma tarehe, usisome nyuso. Mabaharia wapya walipanda lini na wapi? Wakipanda siku 3 zilizopita, meli "nzima" haijathibitisha kitu. Wakiwa baharini siku 20 bila mtu mpya na daftari la dawa halina paracetamol nyingi, hapo una la kushika. Daftari la dawa huongea kuliko nahodha. Na cheti cha Korona cha 2020, kilichodumu siku 14 kwa dereva wa lori aliyeanzia hapa kwenda mpakani Malaba, kilikuwa picha ya siku moja. Kesho yake pua ilikuwa na habari nyingine.

#14 KijanaWaKongowea

Kuna virusi vingine vya namna hii ama ni Korona tu?

#15 Maabara_Tudor

Polio ndiyo mfalme wao. Kati ya maambukizi 200, kama moja tu huishia kwenye kupooza, na wengi hawana dalili yoyote. Ukimwona mtoto mmoja amepooza, kirusi kimeshazunguka mtaa. Tena chanjo ya sindano humkinga mtoto asipooze lakini haizuii vyema kirusi kuishi tumboni, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa anaweza kukitoa chooni akiwa mzima kabisa. Ya matone ndiyo inayofunga tumbo.

Ndiyo maana polio hutafutwa kwenye maji taka: lita 1 huchotwa asubuhi mtiririko ukiwa mkubwa, huwekwa kwenye barafu, na maabara hutumia mililita 500. Mwaka 2018 kirusi cha polio kilionekana hivyo Eastleigh, Nairobi, kwenye maji taka.

Kwa Mombasa ugumu ni kwamba nyumba nyingi hazijaungwa kwenye mabomba. Ukichota kwenye mtambo wa maji taka wa Kipevu unasikia sauti ya walio na bomba tu. Wa mashimo hawamo. Njia ni kuchota kwenye malori ya kunyonya vyoo yanapomwaga, na kuandika lori limetoka mtaa gani. Kasoro: shimo limekaa miezi, kwa hiyo jibu chanya linasema "kilipita hapa" bila kusema lini.

#16 BintiKibokoni

Ahsanteni nyote. La mwisho, FundiBarafu: harusi ya wanawake Julai, watu 200, ukumbi wa AC, usiku. Nifanyeje bila kuvunja harusi ya watu?

#17 FundiBarafu

Watu 200 ni lita 2,000 kwa sekunde, mita za ujazo 7,200 kwa saa. Hakuna ukumbi wa AC za ukutani unaotoa hiyo. Kuimba na vigelegele hutoa chembe nyingi kuliko mazungumzo, kwa hiyo ukumbi wa harusi ni mbaya kuliko ofisi yenye watu wale wale.

Ikiwezekana funga mapazia uani, sitara ibaki, paa lisiwepo. Ikishindikana, chakula kiliwe nje, watu wakae ndani wakati wa bibi harusi kutoka tu, saa moja badala ya nne, na wazee wakae upande hewa inakoingilia. Kifaa cha kaboni mpe mtu mmoja asiyeimba. Ikipita 1,000 milango yote ifunguliwe.

Feni usiweke mbili zinazotoa na kuvuta upande mmoja, zitarushiana hewa ile ile. Julai kusi inavuma: madirisha ya kusini yaache wazi matupu, feni zote ziwe kaskazini zikisukuma nje. Harusi ikiahirishwa mpaka Januari, geuza.